Mada Ikiisha, Mtihani Ukija: Kumwandaa Mwanafunzi wa Sekondari katika Masomo ya Jamii

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania mwendo ni uleule. Mwalimu wa Historia anamaliza mada siku ya Ijumaa na kutangaza jaribio la Jumatano. Siku zinazofuata wanafunzi wanaazimana madaftari, wanakesha prepo wakikariri hoja sita za sababu, sita za athari na sita za umuhimu. Jaribio linafanyika, alama zinasomwa mbele ya darasa, mada mpya inafunguliwa. Baada ya miezi miwili ukimuuliza mwanafunzi aliyepata 70 kuhusu mada ile, atakuambia anakumbuka kichwa cha habari tu. Anapofika Kidato cha Nne anaanza upya, kama mtu ambaye hakuwahi kufundishwa.

Jaribio la mada lina kazi gani hasa katika Historia, Jiografia na Uraia? Linadai nini kwa mwanafunzi? Na mwalimu, mwanafunzi na mzazi wafanye nini ili maandalizi yazae elimu inayodumu? Msimamo wangu ni mmoja: wanafunzi wetu wengi wanayo maarifa, lakini hawajazoezwa kuyatoa kichwani, kuyapanga na kuyaelekeza kwenye swali lililoulizwa. Kuwazoeza hivyo ndiyo kazi ya jaribio la mada, na ni kazi inayoanza siku mada inapofunguliwa.

Mzigo tuliourithi

Vijana wa Tanganyika waliosoma sekondari wakati wa mkoloni walifanya mitihani iliyosimamiwa kutoka Cambridge, Uingereza. Baada ya uhuru kazi hiyo ilihamia katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1971 Tanzania ikajitoa humo. Mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA tunayoijua leo.

Wakati huohuo lilikuwapo swali kubwa zaidi ya nani atunge mitihani. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikosoa mfumo unaomfundisha mtoto kwa ajili ya kufaulu mtihani wa kwenda ngazi inayofuata, huku wengi wakiachwa bila maarifa ya kuishi nayo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaendeleza hoja hiyo: maendeleo ya mwanafunzi yapimwe pia kwa kazi zake za kila siku, na si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Hapo ndipo tathmini endelevu ilipopata nguvu katika shule zetu. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uliandikwa upya kwa kufuata ujenzi wa umahiri, na mwalimu akatakiwa kuangalia mwanafunzi anaweza kufanya nini kwa kile anachokijua.

Kwenye karatasi, basi, nia ilikuwa njema tangu zamani. Darasani mambo yalikwenda kwingine. Jaribio la mada, ambalo lilipaswa kumwonyesha mwalimu nani ameelewa na nani amekwama, liligeuka kuwa NECTA ndogo: alama zinajazwa kwenye fomu, nafasi zinatangazwa, karatasi zinasahaulika. Februari 2013, matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume ya kuchunguza kilichotokea. Matokeo yale yalichakatwa upya baadaye mwaka huohuo, lakini fundisho lilibaki. Mtihani wa mwisho hauwezi kuokoa kile ambacho majaribio ya miaka minne hayakukigundua wala kukirekebisha.

Karatasi inadai nini

Mwanafunzi asiyejua umbo la mtihani anajiandaa gizani. Katika muundo uliotumika miaka ya karibuni kwa mtaala wa 2005, karatasi ya Historia ya Kidato cha Nne ina maswali 11 na muda wa saa 3. Sehemu A ina maswali ya kuchagua jibu sahihi na ya kuoanisha, jumla alama 16. Sehemu B ina maswali 6 ya majibu mafupi, kila moja alama 9, jumla 54. Sehemu C ni insha: mtahiniwa anachagua mbili kati ya tatu, kila moja alama 15, jumla 30.

Tuzipige hesabu alama hizo. Daraja F linaishia alama 29. Mwanafunzi aliyekariri majina na tarehe akapata Sehemu A yote bila kosa ana alama 16, na bado amefeli. Daraja A linaanzia alama 75. Anayeziacha insha zote mbili anabakiwa na alama 70 hata kama majibu yake mengine yote ni sahihi, na A ameshaikosa kabla hajafungua kalamu. Kwa hiyo alama nyingi katika somo hili zinapatikana kwa kueleza na kujenga hoja kwa maandishi, na shule inayotoa majaribio ya kuchagua herufi peke yake kwa sababu ni mepesi kusahihisha inawazoeza wanafunzi kwa alama 16 kati ya 100.

Muda nao una hesabu yake. Dakika 180 zikigawanywa kwa alama 100, kila alama ina chini kidogo ya dakika 2. Swali la alama 9 linapewa dakika 16 hivi na insha dakika 27. Mwanafunzi anayemaliza dakika 50 kwenye insha ya kwanza kwa sababu mada anaipenda ameiua insha ya pili. Jambo hili linazoezwa kwa saa mezani. Kipindi cha dakika 40 kinatosha insha moja na maswali machache ya kuchagua, na mwalimu anayefanya hivyo kila mada inapoisha anampeleka mwanafunzi Kidato cha Nne akiwa ameshaandika insha nyingi kwa muda halisi.

Jirani zetu Kenya wanakutana na jambo hilohilo. Karatasi ya Historia na Serikali ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina Sehemu A ya alama 25, Sehemu B ya alama 45 na Sehemu C ya alama 30. Huko nako robo tatu ya alama zinataka maelezo yaliyopangwa.

Kukariri na kukumbuka

Kukariri kumetukanwa sana, mara nyingine kwa haraka. Historia ina mambo ambayo lazima yakae kichwani: TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964, na Muungano ukafuata tarehe 26 Aprili mwaka huo. Mwanafunzi asiye na nguzo hizi hana cha kujengea hoja. Tatizo liko katika njia anayotumia kuyaweka kichwani.

Njia ya wengi ni kusoma daftari na kulirudia, pengine kwa sauti, pengine kwa kupigia mistari kwa kalamu za rangi. Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakionyesha kwamba kitu kilichojifunzwa hupotea kwa kasi kubwa mwanzoni kisiporudiwa, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi hushikilia zaidi kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu na kukirudia. Kundi la pili lilisoma mara moja, kisha likaandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Utafiti huo unaeleza kile ambacho walimu wetu wanakiona kila muhula. Mwanafunzi anayesoma daftari usiku wa kuamkia jaribio anahisi anaijua mada kwa sababu maneno si mageni tena kama jana. Asubuhi anaandika, anapata alama zake, na wiki ikiisha kila kitu kimeondoka. Anayefunga daftari, akachukua karatasi tupu na kuandika anachokumbuka kuhusu Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, kisha akafungua kuangalia alichoacha, anaumia zaidi lakini anabaki nacho.

Utekelezaji wake hauhitaji bajeti. Kila kipindi kinaweza kuanza na maswali matatu ubaoni, yanayojibiwa bila daftari kwa dakika 5: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mada ya muhula uliopita. Hayajazwi kwenye fomu ya alama. Mwanafunzi anajisahihisha mwenyewe. Mada yenye vipindi 12 ikifundishwa hivyo, mwanafunzi anaingia kwenye jaribio akiwa amejibu maswali 36, na hofu ya siku ile inapungua kwa sababu kukumbuka kumekuwa kazi ya kila siku.

Swali moja kwa karibu

Tuchukue swali ambalo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hukutana nalo kwa sura moja au nyingine: eleza sababu za Vita vya Majimaji. Jibu ambalo walimu hulipokea kwa wingi linafanana na hili: "Kodi. Wajerumani walitoza kodi. Watu hawakuipenda kodi. Pia kazi za kulazimishwa. Watu walilazimishwa kufanya kazi." Hoja zipo, na mwanafunzi huyu hakudanganya. Lakini kila sentensi inarudia ile iliyotangulia. Hakuna mahali, hakuna mtu, hakuna mwaka, na ukiondoa neno Wajerumani jibu lingefaa kwa vita yoyote ya kikoloni barani Afrika.

Sasa tulijenge upya kwa hatua nne. Ya kwanza ni kutaja hoja: kilimo cha pamba cha kulazimishwa kiliwachochea wakulima kupigana. Ya pili ni kueleza jinsi ilivyokuwa: chini ya Gavana von Götzen, watu wa kusini mashariki walitakiwa kufanya kazi kwenye mashamba ya pamoja ya pamba yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono na malipo yakiwa duni. Ya tatu ni mfano unaoweza kushikwa: mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, wakulima waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Ya nne ni kurudi kwenye swali: kwa kuwa pamba iligusa chakula na heshima ya kila kaya, iliwapa watu wa jamii tofauti sababu moja ya kuungana, na maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yakawapa ujasiri. Sentensi nne, na msahihishaji hana la kukata.

Hatua hizi nne zinafundishika ndani ya kipindi kimoja. Mwalimu aandike jibu bovu ubaoni, darasa lilikosoe, kisha kila kundi lilijenge upya. Baadaye kila mwanafunzi apewe hoja moja tu, aiandike kwa hatua nne, daftari likiwa limefungwa. Aya moja nzuri kila wiki ina faida zaidi kuliko insha tatu zilizonakiliwa.

Swali likibadilika, akili nayo ibadilike. Mwanafunzi akiulizwa kutathmini iwapo pamba ndiyo iliyoleta Majimaji, orodha ya hoja sita haimsaidii tena. Anatakiwa kupima. Umatumbi na Rufiji pamba ilikuwa kidonda kibichi. Wangoni walioingia vitani baadaye kidogo walikuwa na machungu mengine: watawala wao walikuwa wamenyang'anywa madaraka tangu Wajerumani walipojikita Songea mwaka 1897. Mwezi Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa mjini Songea, na mahali hapo leo pana makumbusho. Jibu la tathmini linasema wazi: pamba inaeleza mwanzo wa vita, lakini haitoshi kueleza kuenea kwake. Mwanafunzi anayeweza kuandika sentensi hiyo na kuitetea ameifikia Historia yenyewe.

Maarifa ya namna hii yamekusanywa hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanavikumbuka vita vile, na wanahistoria kama Gilbert Gwassa na John Iliffe wakaandika kutokana na ushahidi huo. Mwalimu anayeifundisha mada ya vyanzo vya historia anaweza kuanzia hapo: nani alihojiwa, aliulizwa nini, na kwa nini neno la mzee wa Umatumbi liwekwe kwenye mizani moja na ripoti ya ofisa wa Kijerumani. Maeneo ya kihistoria nayo yako karibu: wanafunzi wa Iringa wana Kalenga na Isimila, wa Lindi wana Kilwa Kisiwani, wa Arusha wana Olduvai. Kazi ya kumhoji mzee mmoja wa mtaani kuhusu mwaka wa Azimio la Arusha ni maandalizi bora ya mtihani kuliko kurasa tatu za notisi.

Jiografia ina njia yake

Makosa ya Jiografia hayafanani na ya Historia. Sehemu ya mada zake ni ustadi wa mikono na macho: kusoma ramani, kutafsiri picha, kuchora na kusoma takwimu. Mambo haya hayakaririki. Mwanafunzi anaweza kuijua maana ya skeli neno kwa neno na bado akashindwa kukokotoa umbali wa barabara.

Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilomita. Barabara inayopinda ikipimwa kwa uzi na kupatikana sentimita 8, umbali wake ni kilomita 4. Hesabu ni ya mtoto wa shule ya msingi, lakini kuulaza uzi kwenye kona za barabara bila kuupoteza kunahitaji mazoezi. Hali kadhalika kusoma namba za gridi: wanaoanza na namba za pembeni kabla ya zile za chini hukosa hata wakijua mahali penyewe pako wapi. Shule yenye ramani moja ya ukutani na wanafunzi 60 ina kazi, ila ramani inaweza kurudufishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na eneo la shule lenyewe linaweza kupimwa na kuchorwa kwa skeli.

Maandalizi ya mada hizi ni dakika 10 za ramani kila wiki kwa muhula mzima, hata darasa likiwa limeshahamia kwenye hali ya hewa au kilimo. Mwalimu anayefundisha ramani mwezi Februari na kuigusa tena wakati wa mtihani wa moko anawapa wanafunzi wake mtihani wa vitu walivyokwisha kuvisahau.

Lugha, jambo tunalolikwepa

Hakuna uchambuzi wa kweli wa mitihani ya masomo ya jamii Tanzania unaoweza kuruka suala la lugha. Mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba, kisha anatakiwa aeleze mfumo wa utawala usio wa moja kwa moja wa magavana Waingereza Lugard na Cameron kwa Kiingereza. Kila mwaka NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Sababu za kufanya vibaya zinajirudia humo: kutoelewa matakwa ya swali, maarifa haba ya mada, na udhaifu katika Kiingereza. Sababu ya kwanza na ya tatu mara nyingi ni pacha. Mwanafunzi anakamata neno moja analolijua kwenye swali, anamwaga yote anayoyajua kuhusu neno hilo, na anakosa alama zote.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa watunga sera, na una uzito wake. Mwalimu wa leo hawezi kuungoja uishe, kwa kuwa jaribio lake liko Jumatano. Anachoweza kufanya ni kuifanya lugha kuwa sehemu ya maandalizi ya mada. Mada ikifunguliwa, maneno 20 ya msingi yaandikwe ukutani pamoja na maelezo mafupi na sentensi moja ya mfano kwa kila neno. Hoja ijadiliwe kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha iandikwe kwa Kiingereza kwa sentensi fupi, mwalimu akitoa mianzo ya sentensi za kuonyesha sababu, matokeo na ulinganisho. Maneno yanayoamuru yajulikane kwa vitendo: kuorodhesha ni kutaja tu, kueleza ni kusema vipi na kwa nini, kulinganisha ni kuweka pande mbili pamoja kwenye kila hoja, kutathmini ni kupima na kutoa uamuzi. Darasa likipewa mada moja na maswali manne yenye amri tofauti, likaulizwa tu jibu la kila swali lingekuwa na umbo gani bila kuliandika, kipindi kimoja kinatosha kufumbua macho.

Meza ya mwalimu

Ni rahisi kumwambia mwalimu atoe insha kila wiki. Ni vigumu kuketi kwenye meza yake. Tangu Januari 2016 ada ilipofutwa hadi Kidato cha Nne, watoto wengi zaidi wameingia sekondari, na hilo ni jambo la kheri. Madarasa nayo yamejaa. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60 akitoa insha moja anapokea karatasi 240. Akitumia dakika 5 kwa kila moja, ni saa 20 za kusahihisha, nje ya vipindi, zamu na maandalio ya somo. Ndiyo maana wengi wanakimbilia maswali ya kuchagua, au wanaweka vema juu ya ukurasa bila kusoma.

Njia ya kutoka ni kusahihisha kidogo kwa makini. Wiki hii mwalimu asome utangulizi wa insha peke yake, wiki ijayo aya moja ya hoja, wiki inayofuata hitimisho. Wanafunzi wabadilishane karatasi na kusahihishana kwa mwongozo ulioandikwa ubaoni. Anayetafuta mfano kwenye jibu la mwenzake hujifunza kuuweka kwenye la kwake. Mwalimu asome karatasi 10 zilizochaguliwa bila kuangalia majina, aorodheshe makosa matatu yaliyojitokeza zaidi, na ayafundishe upya kwa darasa zima.

Kabla ya hapo kuna utungaji. Jedwali la kutahini ambalo walimu hulijifunza chuoni na kulisahau kazini ndilo kinga ya wanafunzi. Linamlazimu mtungaji ahesabu: mada ndogo zipi zimeguswa, maswali mangapi yanadai kukumbuka tu, mangapi yanadai kuelewa, mangapi yanadai kutumia na kupima. Bila jedwali, maswali hurundikana kwenye mada ndogo ambayo mwalimu anaipenda au ambayo ipo kwenye mitihani ya miaka iliyopita. Mitihani ya zamani ina faida yake kama kipimo cha mwisho. Ikigeuzwa kuwa silabasi, mwanafunzi anajifunza maswali badala ya somo.

Siku yenye thamani kuliko zote ni ile ya kurudisha karatasi. Katika shule nyingi siku hiyo ni ya kusoma alama na, kwa aibu yetu, ya viboko. Itengewe kipindi kizima. Kila mwanafunzi achague jibu lake moja lililokosa alama, aliandike upya, na aseme kwa sentensi moja kosa lilikuwa nini: hakujua, hakuelewa swali, hakuweza kuandika, au muda ulimwishia. Makosa hayo manne yana dawa nne tofauti, na fimbo haimo.

Somo jipya, nafasi mpya

Januari 2024 utekelezaji wa mtaala mpya ulianza kwa Kidato cha Kwanza, na pamoja nao somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hii ni nafasi adimu kwa masomo ya jamii sekondari: mwanafunzi anafikiri na kuandika historia ya nchi yake kwa lugha anayoimudu. Kisingizio cha lugha kinaondoka, na itaonekana wazi kama tunajua kufundisha kujenga hoja.

Hatari nayo ipo. Somo linalobeba maadili linaweza kutahiniwa kwa maswali ambayo kila mtu anajua jibu linalotakiwa: taja faida tano za uzalendo, taja madhara matano ya rushwa. Mwanafunzi ataandika anachojua kinampendeza mwalimu, na hakuna kitakachopimwa. Wanaotunga wampe hali halisi aipime: mwenyekiti wa kijiji amegawa ardhi ya malisho bila kuitisha mkutano mkuu wa kijiji, nani ana haki gani, na wananchi wafuate hatua zipi? Swali hilo linadai kujua utaratibu wa serikali za mitaa, kufikiri na kuamua. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huu watafika Kidato cha Nne mwaka 2027, na mazoea watakayoingia nayo kwenye chumba cha mtihani yanajengwa sasa, jaribio kwa jaribio.

Neno kwa mzazi na kwa shule

Mzazi asiyejua Kiingereza wala hakusoma sekondari ana nafasi kubwa katika haya. Amwambie mtoto afunge daftari na amweleze kwa Kiswahili alichojifunza wiki hii. Mtoto akikwama, wote wawili wamejua pa kurudia. Muda wa kusoma nyumbani ulindwe dhidi ya kazi zisizoisha, hasa kwa wasichana. Na jaribio likirudi, swali la kwanza liwe umekosea wapi, kabla ya umekuwa wa ngapi.

Wakuu wa shule na walimu wa taaluma wana uamuzi mmoja wa kufanya: wapunguze mitihani mikubwa inayojaza fomu na waongeze majaribio madogo yanayorudishwa na kujadiliwa. Ratiba itenge kipindi cha masahihisho kwa kila mada, na ukaguzi wa kazi ya mwalimu utazame majibu yaliyoandikwa upya, zaidi ya idadi ya majaribio yaliyotolewa. Taarifa za uchambuzi za NECTA zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Zichapwe, zisomwe na idara nzima mwanzoni mwa mwaka, na zitumike kutunga. Shule ambayo haifanyi hata hilo haina haki ya kuwalaumu wanafunzi wake matokeo yakitoka.